Soketi ya Tisa

Soketi ya tisa ilikuwa haizimiki, na Redempta alikuwa ameanza kuichukia.

Aliizima asubuhi, taa yake ndogo ya kijani ikafa. Akageuka kuokota bisibisi, akarudisha macho: inawaka. Akaizima tena, safari hii akiwa ameikodolea macho kama mtu anayemvizia mwizi wa kuku. Ikafa. Feni ya mashine iliyochomekwa pale ikaanza kushusha pumzi, huuu, na kabla haijasimama, tak! Taa ya kijani. Hakuna mkono, hakuna mtu. Chumba kizima ni yeye na baridi na mashine zinazovuma.

"Mama yangu!" akasema Redempta, na yeye si mtu wa kuogopaogopa.

Sasa kabla hujaanza kutikisa kichwa na kusema aah, Sumbawanga hiyo, subiri kwanza. Watu wa mikoa mingine wakisikia jina la mji huu tu, tayari vichwani mwao ungo umesharuka. Hata baridi ya hapa hawaijui, lakini hadithi wanazo. Hapa tunazungumzia umeme, na umeme una kanuni zake, haujali wewe ni mtoto wa nani.

Kituo chenyewe kiko Katandala, kwenye jengo lililokuwa stoo ya maharage. Ndani yake yamo makabati manne ya chuma, marefu kumzidi mtu, na kila kabati limepangwa seva moja juu ya nyingine. Zahanati za huku juu, na za kule bondeni hadi Milepa, zinaweka humo kumbukumbu za wagonjwa wao. Shule nazo zinaweka mambo yao. Redempta hakuwa na habari na kilichomo ndani ya mashine hizo. Kazi yake ilikuwa kuzilisha. Umeme ukikatika, betri zinabeba chumba chote kwa muda mfupi mpaka jenereta iamke. Jenereta ikishaamka, betri zinapumzika. Nyuma ya kila kabati imesimama ekstensheni ndefu ya chuma yenye safu ya soketi, na usidhani ni ile ya dukani ya kuchomekea pasi. Hii ina akili. Kila soketi ina namba na taa yake, na unaiamuru kwa kompyuta iwake au izime, hata kama uko sokoni unachagua dagaa.

Ndiyo maana ilimuuma. Kitu kilichoumbwa kutii kilikuwa kinamkaidi yeye.

Na hakuwa anazima kwa kupenda. Betri zilikuwa zimechoka. Mpya zimeagizwa Dar es Salaam, na mambo ya kuagiza mnayajua wenyewe. Flavian, mkuu wa kituo, alikuwa amemwambia, "Punguza mzigo, Redempta. Kila kisicho na kazi kizime, la sivyo siku umeme ukikatika na jenereta ikagoma kidogo tu, tunaanguka wote." Redempta akazunguka akizima, hadi akafika kabati la mwisho, chini kabisa, kwenye mashine kongwe ya rangi ya majivu, yenye waya mmoja tu wa umeme wakati wenzake wana miwili miwili. Hiyo ndiyo ilikuwa imechomekwa soketi ya tisa. Hakuna aliyejua inafanya nini. Ilikuwepo tangu enzi za Adriano.

Na jina hilo pale kituoni lilikuwa halitajwi kwa sauti. Adriano ndiye aliyekuwa fundi kabla ya Redempta. Msimu wa mvua uliopita alikwenda kwao Kaengesa kumsaidia mama yake kupalilia ulezi, na radi ikamkuta shambani. Kijana mzima, mcheshi, hata soda aliyokuwa ameiacha kwenye friji ya ofisi hakuna aliyethubutu kuinywa.

"Mwachie kitu chake," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Mzee Masalu, mlinzi, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita, ng'ombe wakaisha, yeye akabaki. Alikuwa ameikazia macho ile taa ya kijani kwa mbali, koti limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo, Mzee Masalu. Na tafadhali usinitie baridi, iliyopo inatosha."

"Marahaba. Mimi nimesema tu. Mtu akiondoka hajamaliza kazi, lazima arudi aimalize."

Redempta akacheka, kicheko cha kujikaza. Lakini mzee alipoondoka alijikuta anakaa na mgongo ukutani, ili pasiwe na nafasi nyuma yake.

Mchana, baada ya kula, akaamua kupambana. Akaingia ndani ya akili ya ile ekstensheni, akapekua amri moja baada ya nyingine, hadi akaikuta. Ilikuwa fupi: soketi ya tisa ikizimika, iwashe. Na pembeni yake jina la aliyeiweka, Adriano.

Basi siyo jini. Ni mpangilio. Ungetegemea Redempta ashushe pumzi, lakini wapi! Alizidi kusisimka. Marehemu amelala kaburini karibu mwaka mzima, na bado ukigusa kitu chake anakurudishia mkono. Ukiniuliza mimi, bora jini. Jini unaweza kumwita padri.

Akashika kipanya ili aifute ile amri, amalize ubishi. Ndipo taa za mbele za ile mashine kongwe, ambazo asubuhi nzima zilikuwa zimetulia, zikaanza kupepesa. Kuna mtu alikuwa ameingia ndani yake, kutoka nje, kwa njia ya simu. Redempta akainama, akaona nyuma ya mashine tundu la spika. Akachomoa vidude vya masikioni kwenye simu yake, akavichomeka pale.

"Halo, karibu. Umepiga kituo. Mimi ni Adriano. Eleza tatizo lako, nakusikiliza."

Redempta hakumfahamu Adriano akiwa hai. Hakujua kama alikuwa na sauti ya namna hiyo, ya mtu anayetabasamu huku akiongea.

Kisha akasikia mwanamke, mtu mzima, ametulia kabisa, kama anayeongea na mwenzake huku anachambua maharage.

"Ni mimi, baba. Umeshindaje?"

Kimya.

"Sisi tumeshinda salama. Ulezi umeanza kutoa vichwa, ila ndege ni wengi mwaka huu, sijawahi kuona. Jana nilikwenda kanisani, Mama Jenifa akaniulizia. Nikamwambia nipo."

"Nimekusikia," akasema Adriano. "Kama kuna lingine, endelea."

"Lingine ni yule mbuzi mweusi. Amezaa mapacha. Wewe ulisema hana kitu tumboni. Umeona sasa?" Mwanamke akacheka peke yake.

"Nimekusikia. Kama kuna lingine, endelea."

"Hakuna lingine, baba. Baridi imezidi. Uvae sweta."

"Asante kwa kupiga. Nitalifanyia kazi."

Simu ikakatika. Taa zikatulia. Redempta alibaki amepiga magoti sakafuni, vidude masikioni, anasikiliza mvumo mtupu. Halafu akalia. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini hakulia kwa hofu. Ni lile neno la sweta lililomchoma.

Akaenda moja kwa moja kwa Flavian, akamweleza. Flavian akavua miwani. "Ile laini ya zahanati," akasema taratibu. "Zamani manesi walikuwa wanapiga kueleza matatizo, mashine inapokea, Adriano anasikiliza baadaye. Sauti alirekodi mwenyewe. Manesi walikuwa wanalalamika laini inakatikakatika, ndiyo maana akaweka hiyo amri isizimike. Siku hizi wanatumia simu za kawaida. Nilijua imekufa." Akaitazama namba iliyopiga, kwenye kompyuta. "Huyo ni mama yake."

"Nifanyeje, bosi? Niizime?"

Flavian akavaa miwani tena. "Iache. Tafuta mzigo mwingine wa kupunguza. Lakini nisikilize vizuri, ile mashine ni ya zamani, diski zake zimezunguka miaka bila kupumzika. Vitu kama hivyo ukivilaza havinyanyuki. Sekunde mbili tatu sawa, zinakuwa bado zinazunguka. Zaidi ya hapo, uiage."

Jumapili Redempta akapanda bodaboda hadi Kaengesa. Alimkuta Mama Otilia, mama yake Adriano, uani, anapepeta. Mwanamke mrefu, mkavu, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa nani?"

Redempta akasema anatoka kituoni, anafanya kazi ya Adriano. Ungo ukasimama. Mama Otilia akautua chini, akamkaribisha ndani, akampa kiti, na kabla mgeni hajafungua mdomo akasema mwenyewe, "Umekuja kunikataza."

"Hapana, mama."

"Unadhani nimechanganyikiwa."

"Hapana, mama."

"Sijachanganyikiwa. Najua mwanangu alipo, nilimwona akifukiwa." Akakaa. "Tulikuwa shambani wote wawili. Wingu likafunga. Akaniambia, mama tangulia, mimi namalizia mstari huu. Nikatangulia. Nilipofika hapa ngurumo zikazidi, nikampigia aache, aje. Simu imezimwa. Si ndivyo tunavyowafundisha? Radi ikianza, zima simu. Alikuwa mtoto msikivu. Nikapiga, nikapiga, haipatikani. Halafu ikapiga moja ile, nyumba ikatikisika, na mimi nikajua."

Redempta akakisogeza kiti chake karibu naye.

"Na kwenye ukoo huu, aliyechukuliwa na radi haliliwi. Ukimlilia unaiita irudi kuchukua mwingine. Shemeji yangu Alfonsi, yeye ndiye mkubwa wetu, alisimama hapo mlangoni akasema, asisikike mtu. Tukazika jioni ile ile, kimya. Hakuna matanga, hakuna kukaa chini. Kesho yake nikaamka nikaenda kuchota maji. Wewe unaweza, mwanangu? Unazaa mtu, unamzika, unakwenda kuchota maji?" Akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Siku moja nikapiga ile namba yake ya kazini, sijui hata kwa nini. Akapokea."

Redempta akamwambia anaweza kumrekodia ile sauti, akaiweka kwenye simu, awe anaisikiliza apendavyo. Mama Otilia akatikisa kichwa.

"Hiyo itasema hata kama mimi sijasema kitu. Yule ananisubiri nimalize."

Sasa hapo ndipo Redempta alipolikoroga. Angeweza kusema pole, akanywa chai, akaondoka. Lakini moyo wa mtu si chuma. Akamshika yule mama mikono miwili akasema, "Umeme wa pale uko mikononi mwangu, mama. Hatazimika. Nakuahidi."

Ahadi ni deni, wazee walisema, na yeye alijitwika mwenyewe bila kusukumwa.

Tangu siku hiyo Redempta alikuwa mtu mwingine. Alizima hita ya ofisini akavaa makoti mawili. Alizima birika la chai, Mzee Masalu akanuna. Alizima taa za kolido, watu wakawa wanapapasa. Kila alichookoa alikihesabu moyoni kuwa ni cha soketi ya tisa. Alikaza upya waya wa ardhi nje, ule wa kupeleka radi mchangani, akapamwagia maji ya chumvi pale ulipochimbiwa. Jenereta aliijaribu kila asubuhi. Na mchana taa zilipoanza kupepesa, alitoka akaufunga mlango, kwa sababu mazungumzo ya mtu na mwanawe si ya kusikilizwa. Lakini hata akiwa nje, akipita karibu na mlango ule alikuwa anahisi anatazamwa. Si kwa ubaya. Kama mtu aliyekabidhiwa kitu na mwenyewe bado yupo nyuma yake anaangalia anavyokishika.

Mvua za Machi zikaja. Na mvua za huku, ndugu yangu, haziji peke yake.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Wingu lilitokea upande wa milima ya Mbizi, jeusi tititi, upepo ukatulia ghafla, mbwa wakaingia uvunguni. Redempta alikuwa ndani ya chumba cha seva. Ngurumo ya kwanza ikapita mbali. Ya pili ikaja karibu. Umeme ukakatika, betri zikapiga kelele zao, pii, pii, na jenereta ikaamka pale pale, ikavuma vizuri kabisa. Kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa. Hilo likumbukwe, kwa sababu hapa ndipo panapouma.

Redempta alilelewa na bibi yake, hapa hapa Ufipa, na bibi alikuwa na sheria. Radi ikianza, chomoa redio. Chomoa kila kilichochomekwa. Kioo kifunike kanga. Nguo nyekundu ivue. Usiegemee ukuta, usishike simu, kaa katikati ya kitanda, nyamaza. Hakuna mtoto wa huku asiyezijua sheria hizo, na mkono uliozifanya tangu utotoni hauulizi cheti cha ufundi. Chuoni alifundishwa kuwa jengo lenye waya mzuri wa ardhi na vizuizi vya radi halichomolewi kitu; ukichomoa ndipo unapoharibu. Alilijua hilo. Angeweza kukuchorea.

Radi ikapiga mkaratusi nje ya uzio.

Chumba kiligeuka cheupe. Vizuizi vikalia tak tak tak ukutani, taa za makabati zikatetemeka zote kwa pamoja, na harufu ya kitu kilichoungua ikaingia kwa chini ya mlango. Na Redempta hakuona seva tena wala makabati. Alimwona kijana yuko peke yake shambani, katikati ya ulezi, na kile kitu kimerudi kumchukua mara ya pili.

"Siyo yeye!" akapiga kelele. "Siyo yeye tena!"

Akaruka hadi kabati la mwisho, akajitupa chini, akaushika ule waya mmoja, akauchomoa kwenye soketi ya tisa.

Ile amri ya Adriano ikawasha taa ya kijani, kama kawaida yake. Lakini amri haiwezi kuuinua waya na kuuchomeka. Feni ikashusha pumzi, huuu, ikazidi kushuka, ikasimama. Redempta alikuwa ameukumbatia ule waya kifuani, macho ameyafumba, kama bibi alivyomfundisha, kimya, mpaka mvua ipite. Kwamba taa za mbele zilikuwa zinapepesa wakati anachomoa, hakuona.

Mvua ilikawia kupita. Ilipopita, na baridi ile ya baada ya mvua ikaingia, ndipo akili ikamrudia. Ikamrudia taratibu, halafu yote kwa mpigo. Akauchomeka waya. Feni ikazunguka. Redempta akasema asante Mungu. Halafu ndani ya mashine kikaanza kitu kugonga: tik. Tik. Tik. Kama mtu anayebisha hodi na hana nguvu.

Flavian alikuja, akatega sikio, akaizima, akaiwasha, akaipasha joto kwa mikono, akaipiga kofi dogo ubavuni. Tik. Tik. Akasimama akapangusa magoti.

"Imelala," akasema.

"Na zile nyingine?"

"Hazikujua hata kama kulikuwa na radi. Zahanati zote ziko hewani." Alimtazama Redempta. "Nenda nyumbani, dada. Leo umechoka."

Mazoea yana taabu, watu husema hivyo kirahisi. Redempta usiku ule hakulia hata kidogo, alikaa tu kitandani, katikati. Alitamani angekuwa ni mwizi, au radi yenyewe, au hata uchawi wanaousema watu. Lakini ilikuwa ni yeye, kwa mkono wake, na kwa mapenzi. Asubuhi akapanda bodaboda. Njia nzima hadi Kaengesa alikuwa anamwomba dereva apunguze mwendo, dereva anashangaa, maana abiria wote humwambia aongeze.

Mama Otilia alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti kile kile. Simu iko mezani mbele yake. Redempta hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti pale pale mlangoni.

"Mama, nimekosa. Nilikuahidi na nimekosa. Radi ilipopiga nilichanganyikiwa, nikauchomoa waya wake, nilifikiri namwokoa. Hajaamka tena. Haamki, mama. Ni mimi niliyemzima, siyo mtu mwingine."

Mama Otilia akamgeukia. Alimtazama kwa yale macho makali.

"Ilimpiga?"

"Nini, mama?"

"Radi. Ilimpiga?"

"Hapana. Ilipiga mti, nje ya uzio. Yeye haikumgusa. Mimi ndiye..."

"Haikumgusa."

"Haikumgusa, mama."

Yule mama akaivuta simu karibu, akaiwekea kiganja juu. "Niliposikia ngurumo zinatokea Mbizi nikasema, leo sirudii kumwacha peke yake. Watu wanasema usishike simu wakati wa radi. Nikasema acha inipige mimi. Nikampigia. Safari hii akapokea. Nikamwambia, Adriano, acha huo mstari, mwanangu, acha kila kitu, ingia ndani sasa hivi. Akaniambia, nimekusikia." Midomo ikaanza kumcheza. "Akaniambia, nimekusikia. Halafu kimya. Nikangoja aseme niendelee, hakusema. Nikakaa na simu sikioni mpaka mvua ikaisha."

Redempta alikuwa amefunika uso.

"Basi aliingia," akasema Mama Otilia. "Nilimwambia, akasikia, wewe ukampokea. Haikumchukua."

Akainuka kwenye kiti. Akafungua kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni, akaikaza. Akakisogeza kiti kando kwa mguu, akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha. Na akafungua mdomo.

Kilio kile Redempta hajawahi kukisikia mfano wake, na hataki kukisikia tena. Kilikuwa kimekaa ndani mwaka mzima na kilitoka chote. Kuku walitawanyika uani. Milango ikafunguliwa huku na huku, watu wakaja wanakimbia, mwenye mwiko mkononi, mwenye mtoto mgongoni, na mbele yao mzee mmoja mwenye jembe begani. Huyo ndiye Alfonsi, mkubwa wa ukoo.

Redempta akasimama mlangoni akawazuia.

"Nani amefariki?" akauliza Alfonsi, anahema.

"Adriano."

"Msichana, una akili wewe? Adriano tulimzika mwaka jana. Na huyo alichukuliwa na radi, haliliwi. Mnyamazishe mama huyo!"

"Huyo wa mwaka jana haliliwi, baba," akasema Redempta. "Huyu amefariki jana. Alikuwa ndani, radi haikumgusa, na mama yake alikuwa anaongea naye."

Mzee Alfonsi akamtazama. Akatazama ndani, alipo shemeji yake sakafuni. Kilio kikapita kati yao na kwenda mpaka mashambani. Wale wanawake waliokuja wakikimbia walikuwa wanamtazama yeye, wanangoja.

Akatua jembe chini. Akavua kofia, akakaa nje kando ya mlango, mgongo ukutani, pale wanapokaa wanaume penye msiba, na wanawake wakapita wakaingia ndani.